Kufundisha na kutafiti fasihi ya Kimarekani na filamu zake chuoni: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kama umepangiwa kozi ya fasihi ya Kimarekani, kwenye kozi autlaini kuna wiki tatu nne zimeandikwa "fasihi na filamu", na idara yenu inagombea projekta moja na idara nyingine nne, huu mwongozo ni wako. Na kama we ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu au masta, supavaiza amekurudishia proposo mara mbili akikuambia "hapa hamna hoja", soma pia, hatua za mwisho ni za kwako ila usiruke za mwanzo, maana utafiti wa hizi kazi unaanzia palepale darasani.

Nikueleze kwanza nilikotoka. Nilipoanza nilikuwa nawapa wanafunzi riwaya nzima, nawaonyesha filamu nzima, alafu nawauliza "taja tofauti kati ya kitabu na filamu". Nikapokea karatasi karibu mia na ishirini zinazofanana kama zimepigwa fotokopi: mhusika fulani kaondolewa, mwisho umebadilishwa, filamu imefupisha, kwa hiyo kitabu ni bora. Wanafunzi hawakuwa wavivu, swali ndo lilikuwa bovu. Ukiuliza tofauti utaletewa orodha, na orodha haina hoja. Siku hizi nachukua tukio moja tu, tunalikaba koo wiki tatu, na swali ni hili: nani alibadilisha nini, kwa mkono gani, na sisi tunaotazama tumesogezwa tukae wapi.

Kuhusu neno la hii kazi ya kugeuza kitabu kuwa filamu, wapo wanaosema utohozi, ila hilo wanaisimu wameshalizoea kwa maneno ya mkopo, kwa hiyo mi nasema adaptesheni na darasa zima linanielewa.

Hatua ya 1: chagua kazi moja, na uichague kwa sababu

Usianze na orodha ya vitabu kumi. Chagua kimoja chenye sifa tatu: maandishi yake yanapatikana bure kihalali, kimegeuzwa zaidi ya mara moja, na kina ukurasa ambao mwanafunzi akiusoma tu anaketi vizuri.

Mi natumia Twelve Years a Slave ya Solomon Northup, ya mwaka 1853, na filamu ya Steve McQueen ya 2013. Northup alikuwa mtu huru, mpiga fidla wa Saratoga Springs jimbo la New York, mwenye mke na watoto watatu, mwaka 1841 watu wawili wakamdanganya kwamba kuna kazi ya muziki kwenye sarakasi, wakamfikisha Washington, akazinduka yuko kwenye minyororo, akauzwa Louisiana kwa jina jingine, Platt, na hakurudi kwao mpaka Januari 1853. Kitabu kilitoka mwaka huohuo. Kimetoka zamani sana kwa hiyo hakina hakimiliki, unaprinti unavyotaka. Na darasa letu lina sababu yake ya karibu: Patsey, yule binti wa shambani, kaigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya, na kwa uigizaji ule akachukua Oscar mwaka 2014. Wanafunzi wanamjua Lupita kabla hawajamjua Northup, na hiyo siyo aibu, ni mlango.

Kama hutaki kwenda kwenye utumwa, zipo nyingine. The Great Gatsby ya 1925 imekuwa huru kwa Marekani toka Januari 2021, na ina filamu ya 1974 na ya 2013, na ile ya 2013 imemweka msimuliaji kwenye sanatoriamu akiandika kitabu, kitu ambacho kwenye riwaya hakipo, hapo peke yake una wiki nzima. A Raisin in the Sun, tamthilia ya 1959 na filamu ya 1961, ni nzuri kwa darasa linalopenda kuigiza, tena ndani yake yumo mwanafunzi wa Kinigeria, Asagai. Ila hapa nabaki na Northup ili uone hatua zote kwenye kazi moja.

Hatua ya 2: chora mnyororo ubaoni siku ya kwanza

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayobeba kozi nzima. Kabla hujasoma mstari hata mmoja, chora ubaoni nani alipokea kutoka kwa nani. Northup alisimulia kwa mdomo. Aliyeandika ni David Wilson, mwanasheria mzungu wa New York, na kaweka dibaji yake mwanzoni. Kitabu kikauzwa sana miaka ile alafu kikapotea. Mwaka 1968 Sue Eakin na Joseph Logsdon wakakitoa upya Louisiana kikiwa na tanbihi za uhakiki. Mwaka 1984 Gordon Parks akakifanya filamu ya televisheni. Mwaka 2013 John Ridley akaandika skripti, McQueen akaongoza.

Sasa uliza darasa: kazi asilia ni ipi hapo? Watasema kitabu. Waulize, kitabu cha nani, cha aliyesimulia au cha aliyeshika kalamu? Kaa kimya. Hiyo kimya ya sekunde kumi ina thamani kuliko slaidi zako zote, kwa sababu mwanafunzi ameshaona kwamba kitabu chenyewe ni adaptesheni, sauti ya mtu mweusi imepita kwenye kalamu ya mtu mweupe ili iwafikie wasomaji weupe wa Kaskazini. John Sekora aliandika makala mwaka 1987 kuhusu hili, akaliita ujumbe mweusi ndani ya bahasha nyeupe. Mwanafunzi akishika hiyo picha ya bahasha hakuandikii tena "filamu haikuwa aminifu kwa kitabu", atakuuliza bahasha ya 2013 ni ya rangi gani na nani kailipia stempu.

Hatua ya 3: andaa maandishi, na andaa watu

Kitabu kina sura 22. Sura wanazotakiwa kusoma wote ni nne tu: ya 8 na ya 9 (Northup kukabwa kamba na Tibeats, bwana wake wa wakati huo), ya 13 (Patsey anapotambulishwa) na ya 18 (sabuni). Wanaopenda wasome chote. Pata nakala safi kwenye mkusanyiko wa Documenting the American South wa chuo kikuu cha North Carolina, au Project Gutenberg. Tengeneza PDF ya hizo sura nne, mpe CR (kiongozi wa darasa) airushe kwenye grupu la WhatsApp, na acha nakala moja steshenari ya jirani kwa wasio na simu nzuri. Usiwatume wakatafute wenyewe, nusu watarudi na muhtasari uliotapikwa na programu na hujui hata umetolewa wapi.

Alafu waandae watu. Sura ya 18 ni kipigo cha mwanamke aliyevuliwa nguo. Sema wazi wiki moja kabla, na sema kwamba asiyetaka kutazama klipu atasoma maandishi tu na hatapungukiwa maksi. Kila mwaka yupo mmoja au wawili wanaonifuata ofisini kimyakimya, na sijawahi kumuuliza hata mmoja kwa nini.

Lingine ni lile tusi la wazungu kwa weusi, limejaa kitabuni. Vijana wetu wamelisikia kwenye rap, wanaliona kama salamu. Tenga dakika kumi ueleze uzito wake, mkubaliane kwamba mkisoma kwa sauti mnaliruka, na kwenye insha mtu akinukuu anukuu kwa sababu. Usipofanya hivyo mapema kuna mtu atalitamka kwa kicheko katikati ya sura ya 18 na kipindi kitakufia mikononi.

Hatua ya 4: chora kabla ya kuona

Hii sikuisoma popote. Mwaka mmoja umeme ulikatika dakika ya kumi ya kipindi, nina wanafunzi zaidi ya mia, na filamu iko kwenye laptopu yenye betri iliyokufa. Nikawaambia wachukue karatasi wachore: kama we ndo mwongozaji, kamera unaiweka wapi kwenye sura ya 18? Tangu siku hiyo nafanya hivyo hata umeme ukiwepo.

Someni kwanza kwa sauti, polepole. Ni Jumapili. Patsey kaenda shamba la jirani kwa Harriet Shaw kuomba kipande cha sabuni, kwa sababu bibi mwenye shamba, mke wa Epps anayewamiliki Patsey na Northup, anawapa wenzake wote sabuni yeye anamnyima. Akirudi Epps anamtuhumu mengine. Anamtolea sabuni mfukoni amwonyeshe. Haisaidii. Epps anaamuru vigingi vinne vichimbiwe ardhini, Patsey analazwa kifudifudi, anafungwa mikono na miguu, na Northup analazimishwa kushika mjeledi. Anampiga mara 30, anageuka akidhani imetosha, anaamriwa aendelee, anapiga kumi au kumi na tano nyingine, alafu anautupa mjeledi anakataa, ndipo Epps anauchukua mwenyewe. Bibi amesimama barazani na watoto wake anatazama. Na katikati ya hayo msimuliaji anasema mashamba yalikuwa yanatabasamu kwenye jua na ndege wanalia mitini.

Wape dakika 15, makundi ya watu sita. Makundi mengi yanakwama palepale: ukimlaza mtu chini kifudifudi, kamera ikikaa usawa wa macho huoni uso wake, ikikaa juu unamwona kama mzoga, ikikaa chini unamwona yeye ila Northup anakuwa miguu tu. Na baraza? Na ndege? Kundi moja liliwahi kuamua kuchora baraza tupu, bibi na watoto wake wakitazama upande wetu, na kipigo kisikike tu. Nimewaonyesha madarasa mengine ule mchoro miaka yote.

Hatua ya 5: sasa onyesha, mara tatu

Usionyeshe filamu nzima darasani, ina dakika 134 na kipindi chako kina saa mbili. Onyesha sini hiyo tu.

Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Waandike wanachoona tu, hamna "inasikitisha", hamna "inaonyesha ukatili", waandike nani yuko mbele, nani nyuma, kamera imesogea au imezunguka, shoti imekatwa lini. Wataona mambo mawili haraka. Moja, kamera inakaa dakika kadhaa bila kukata, inawazunguka tu. Pili, vigingi vinne vimegeuka kuwa nguzo: Patsey amefungwa wima. Hapo wale waliohangaika na michoro wanapiga kelele wenyewe, kwa sababu wanajua tatizo lile, wamelibeba dakika 15. Nguzo imempa mwongozaji nyuso, ya Patsey mbele na ya Northup nyuma yake kwenye fremu moja. Lakini imeondoa kitu pia, ile ardhi, ule mwili kubanwa kwenye udongo uleule anaouvunia pamba. Usiwaambie ipi ni bora. Waache wabishane.

Mara ya pili na sauti. Waulize kuhusu bastola: kwenye filamu Epps anamtishia Northup kwa silaha ya moto, kwenye kitabu ananyanyua vitisho vya mdomo na Northup anafika mahali anakataa mwenyewe. Nini kinatokea kwa hatia ya Northup ukiingiza bastola? Hili swali limenipa insha nzuri kuliko yote niliyowahi kuuliza, kwa sababu jibu haliko upande mmoja.

Mara ya tatu mmoja asome maandishi taratibu wakati klipu inacheza bila sauti. Utasikia darasa limetulia pale kwenye ndege wanaolia mitini.

Kama una muda, rudia mtindo huohuo na sura ya 9. Kwenye kitabu Northup kaachwa amesimama juani mchana kutwa, amefungwa, kamba ingali shingoni, na anachokitamani ni kivuli cha mti ulio pembeni na tone la maji. Kwenye filamu ananing'inia, ncha za vidole zinagusa matope, na nyuma yake watu wanaendelea na shughuli zao, watoto wanacheza. Mateso ya jua hayachukuliki na kamera, mateso ya vidole kwenye matope yanachukulika. Wanafunzi wakishaona hilo wameelewa adaptesheni ni nini, na hujatamka nadharia hata moja.

Hatua ya 6: tafsirini sentensi moja kwa Kiswahili

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu kutoka mwongozo huu, fanya hili.

Kwenye filamu kuna usiku Patsey anamfuata Northup na kumwomba amuue, ampeleke pembezoni mwa kinamasi amzamishe majini, kwa sababu yeye mwenyewe hana nguvu ya kufanya hivyo. Ni sini inayokaba koo. Sasa fungua sura ya 13. Pale Northup anasema hakuna kilichomfurahisha bibi kama kumwona Patsey anateseka, na kwamba zaidi ya mara moja, Epps alipokataa kumuuza, huyo bibi alimshawishi Northup kwa rushwa amuue Patsey kisirisiri na kumzika pembezoni mwa kinamasi. Anayeomba kifo cha Patsey kitabuni ni bibi. Kwenye filamu ni Patsey.

Wape sentensi ile ya Kiingereza waitafsiri, kila mtu peke yake, dakika kumi. Watakuletea kitu kama "zaidi ya mara moja alinishawishi kwa rushwa nimuue kwa siri na kumzika". Andika ubaoni alafu uliza: "a" ya "alinishawishi" ni nani, na "m" ya "nimuue" ni nani? Kiingereza kina "she" na "her", wanawake wawili wanaopishana kwenye sentensi moja, Kiswahili chetu ndo hata jinsia hakitaji. Hapo darasa linagawanyika, wengine wanasema ni mtu mmoja anaomba auawe mwenyewe, wengine wanasema ni watu wawili. Ndipo unawarudisha kwenye sentensi inayotangulia na inayofuata, na muktadha unaamua: ni bibi.

Alafu sasa uliza la maana. Filamu ilipohamisha ombi kutoka kinywa cha bibi kwenda kinywa cha Patsey ilifanya nini? Wapo watakaosema imempa Patsey sauti, maana kitabuni haongei sana. Wapo watakaosema imemsafisha bibi jinai na kuifanya iwe tamaa ya mtumwa mwenyewe. Mimi nimesimama na hawa wa pili, nawaambia wazi, lakini insha inayotetea upande wa kwanza vizuri napaisha maksi bila kinyongo. Kumbuka pia kwamba Patsey wa kitabuni si mnyonge tu, Northup anamweleza kama mtu anayetembea wima, mwenye fahari, anayechuma pamba ratili 500 kwa siku, yaani kama kilo 227, kuliko mwanaume yeyote shambani.

Hatua ya 7: asainmenti ambayo haiwezi kuchotwa mtandaoni

Usiulize "jadili". Omba vitu vitatu kwenye faili moja: karatasi ya shoti (jedwali la mkono, shoti kwa shoti, angalau dakika tatu za filamu), tafsiri ya aya moja ya kitabu kwa Kiswahili yenye maelezo ya maneno mawili yaliyomshinda, na insha ya maneno 1200 inayotumia hivyo viwili kama ushahidi. Programu za kuandikia insha zitamwandikia aya tamu kuhusu utumwa, ila haziwezi kumjazia jedwali lake la penseli na haziwezi kueleza kwa nini alihangaika na neno fulani usiku. Maksi zangu: 10 jedwali, 10 tafsiri, 20 insha. Jedwali usahihishe kwa haraka, tafsiri usahihishe taratibu.

Darasa likiwa kubwa, jedwali lifanywe na kundi, tafsiri na insha kila mtu yake.

Hatua ya 8: ukihamia kwenye utafiti, tafuta swali dogo lenye meno

Sasa nawageukia mnaoandika tasnifu. Topiki kama "Utumwa katika Twelve Years a Slave" siyo topiki, ni kichwa cha sura ya kitabu cha mtu mwingine. Swali lenye meno lina kitu cha kuhesabika au kuonyeshwa kwa kidole. Mfano: Robert, mtumwa mwenzake kwenye meli, kitabuni anakufa kwa ndui, kwenye filamu anachomwa kisu na baharia. Kifo cha ugonjwa kimekuwa kifo cha mkono wa mtu. Je, filamu imebadilisha vifo vingine kwa mwelekeo huohuo? Je, ya Gordon Parks ya 1984 nayo? Hapo una filamu mbili, kitabu kimoja, na swali ambalo jibu lake hulijui kabla ya kufanya kazi.

Na kuna eneo ambalo sisi huku tuna nafasi nzuri kuliko mwanafunzi wa Chicago. Wengi wetu filamu za Marekani tulizijua kibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mtaani, kwa sauti ya DJ anayetafsiri na kuongeza chumvi. DJ Afro Kenya, Lufufu Tanzania, ma-VJ wa Uganda. Ile ni adaptesheni kamili: mtu kachukua filamu, kawapa wahusika majina ya mtaani, kaeleza sheria za huko kwa mifano ya huku. Mjerumani Matthias Krings aliandika kuhusu mambo haya kwenye kitabu chake cha 2015, na uwanja bado ni mpana sana. Kama unaishi karibu na kibanda, una lugha, unaelewa utani, unaweza kuunukuu na kuutafsiri, jamani andika hiyo. Ila rekodi kwa ruhusa, na andika tarehe na mahali.

Msione kama ni kujipendekeza kwa Wamarekani pia. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Wamarekani weusi na ya Karibiani walitaka ifundishwe, kama jamaa wa damu wa fasihi yetu.

Hatua ya 9: nyaraka, na ujanja wa herufi moja

Usiishie kwenye kitabu na filamu. Gazeti la New York Times liliandika kesi ya Northup tarehe 20 Januari 1853, wiki mbili hivi baada ya kukombolewa. Ukitafuta "Northup" unaweza usiipate, kwa sababu walikosea jina: kwenye kichwa Northrup, ndani Northrop. Gazeti lenyewe likachapisha masahihisho Machi 2014, miaka 161 baadaye. Kwa hiyo ukitafuta watu wa karne ile tafuta kila namna ya kuandika jina, na ujue Northup mwenyewe alikuwa akiitwa Platt utumwani, yaani kwenye karatasi za Louisiana unatafuta mtu mwingine kabisa.

Magazeti mengine ya zamani ya Marekani yapo bure kwenye Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Maktaba hiyohiyo ina mahojiano zaidi ya 2,300 ya watu waliokuwa watumwa, yaliyochukuliwa 1936 hadi 1938, na waliohoji wengi walikuwa wazungu, kwa hiyo ile bahasha ya Hatua ya 2 inarudi. Makala za kitaaluma fungua akaunti ya bure JSTOR uzisome mtandaoni. Kupakua fanya usiku, bando la usiku ni rahisi, na kila faili lipe jina la mwandishi na mwaka palepale maana baada ya mwezi utakuwa na mafaili 80 yanayoitwa "download".

Hatua ya 10: nadharia kidogo, ishikwe vizuri

Supavaiza wengi wanataka "theoretical framework" utadhani ni cheti cha kuzaliwa. Chukua wawili tu. Linda Hutcheon, kitabu chake cha 2006, atakusaidia kuacha kuhukumu uaminifu na kuanza kuuliza nani, kwa nini, wapi na lini. Na kwa kazi hii lazima Saidiya Hartman, 1997, ambaye anaanza kitabu kwa kukataa kuinukuu sini maarufu ya kipigo kutoka kwa Frederick Douglass, naye mtumwa wa zamani aliyeandika maisha yake, akiuliza tunapoyarudia mateso haya tunakuwa mashahidi au watazamaji. Weka swali lake mbele ya ile shoti ndefu ya McQueen, sura yako ya nne imeshajiandika nusu. Usimtaje mwananadharia sura ya pili alafu asionekane tena mpaka marejeleo, huo ni mchezo ambao mtahini anauona kutoka mbali.

Hatua ya 11: kuandika na kutetea

Anza kuandika na sini, usianze na "tangu zama za kale". Aya ya kwanza ieleze shoti moja, aya ya pili iseme kitabu kinasemaje, aya ya tatu iweke hoja. Utangulizi uandike mwisho. Kila ukitaja filamu weka dakika na sekunde, kila ukitaja kitabu weka sura na ukurasa na toleo ulilotumia, kwa sababu kurasa za toleo la 1853 siyo kurasa za toleo la 1968. Tafsiri zako za Kiswahili ziweke kwenye kiambatisho, usizifiche.

Kwenye utetezi utaulizwa, kila mtu huulizwa, "sasa haya ya Wamarekani yanatuhusu nini?" Mwanafunzi wangu mmoja alipoulizwa hivyo hakuhutubia. Alifungua kiambatisho chake, akawasomea wajumbe ile sentensi ya sura ya 13 kwa Kiswahili, "zaidi ya mara moja alinishawishi kwa rushwa nimuue", akawauliza aliyeshawishi ni nani. Mjumbe wa kwanza akasema ni Patsey, wa pili akamkatiza akasema hapana, ni bibi, soma ya juu yake, wakabishana wao kwa wao kama dakika tano mwenyekiti hajaingilia, na yule binti amesimama pale mbele na kitabu mkononi, kidole kwenye ukurasa, anawasubiri wamalize.